Heshima ya Aliyetumika Hadi Uzeeni

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mathayo 6:1–4, Luka 7:1–10, Matendo 9:36–42, 2 Wakorintho 8:16–21, 1 Timotheo 5:3–10, Marko 12:38–44, Hesabu 8:24–26.

Fungu la kukariri: 1 Timotheo 5:3. Lisome katika Biblia yako, ulikariri juma zima.

Chukulia mfano wa kanisa dogo huko Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Miongoni mwa washiriki wake yumo mama mjane mwenye umri wa miaka 76. Kwa miaka mingi, kila Jumapili asubuhi, amekuwa akitembea na daftari lake kutoka Kikwajuni hadi Mwembetanga, akipanda ngazi za majumba ya Michenzani, akibisha hodi na kuomba mchango kwa ajili ya wagonjwa waliolazwa hospitalini bila ndugu wa karibu. Baadhi yao wametoka Pemba, wengine mashamba. Daktari wanamwona, lakini wa kuwaletea uji hayupo, sabuni hawana, na siku ya kuruhusiwa hawana nauli ya kurudi kwao. Mama huyu huandika kila anachopewa, hata shilingi 500, na hakuna aliyewahi kumwona akitoa nauli yake ya daladala katika fedha hizo.

Sasa baraza la kanisa linataka kumheshimu. Mmoja anapendekeza cheti, doti ya kanga na hafla ndogo. Mzee wa kanisa anasita. Anakumbusha kwamba Yesu aliwaonya wafuasi wake wasifanye wema ili watazamwe na watu. Mwingine anamjibu kwamba Paulo aliagiza heshima apewe anayestahili. Wote wawili wameshika Biblia, na wote wawili wanataka kutii.

Mfano huu umetungwa, lakini swali lake hulikuta kila kanisa lenye mtu wa namna hiyo. Je, ni haki kumheshimu hadharani mtu aliyetenda mema bila kutafuta heshima? Na kama ni haki, heshima hiyo iwe nini hasa? Juma hili somo linachunguza maswali hayo mawili. La pili ni gumu kuliko la kwanza.

JUMAPILI: Amri Mbili kwa Watu Wawili

Soma Mathayo 6:1–4 na Warumi 13:7. Je, mafungu haya yanapingana?

Watu wa pwani wana methali mbili zinazoonekana kupingana vivyo hivyo. Ya kwanza husema: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ya pili husema: mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo hakuna mzee wa Unguja anayeona shida kuzitumia zote mbili, kwa sababu anajua kila moja inasemwa kwa nani. Ya kwanza huambiwa mtenda wema. Ya pili huambiwa watu wa kwao, wanaomtazama akicheza, ili wasikae na mikono mitupu.

Ndivyo ilivyo katika Maandiko. Katika Mathayo 6 Bwana anasema na yule anayetoa. Anachokikataza ni nia ya kutoa ili asifiwe, mtu kupiga tarumbeta yake mwenyewe. Katika Warumi 13 Paulo anasema na yule anayedaiwa. Heshima imewekwa pale pamoja na kodi na ushuru, katika orodha ya madeni. Mwenye deni hawezi kusema, "Sitalipa, maana mdai wangu ni mnyenyekevu na hajaniuliza." Unyenyekevu wa mdai haufuti deni.

Luka 7:1–10 inaonyesha amri zote mbili zikitimizwa katika kisa kimoja. Akida wa Kirumi ana mtumwa mgonjwa karibu na kufa. Wazee wa Wayahudi wanamwendea Yesu na kumshuhudia akida huyo kwamba anastahili, kwa kuwa analipenda taifa lao na amewajengea sinagogi. Akida mwenyewe anatuma ujumbe kwamba hastahili Yesu aingie chini ya dari yake. Wazee wanasema anastahili, yeye anasema hastahili. Yesu hawakemei wazee kwa kumsifu, wala hamsahihishi akida kwa kujishusha. Kila upande umesema lililo wajibu wake.

Kwa hiyo mzee wa kanisa aliyesita ana hoja, ila ameielekeza kwa mtu asiyehusika. Onyo la Mathayo 6 ni la mama mwenye daftari, na kwa kadiri watu wanavyoona, amelitii miaka yote. Baraza linapaswa kusoma Warumi 13. Hatari ni pale watu wanapobadilishana mafungu, mtenda wema akaanza kudai heshima yake, na wanaodaiwa wakajificha nyuma ya fundisho la siri ili wasitoe kitu.

*Fikiri:* Ni mara ngapi maneno "thawabu yake iko mbinguni" husemwa na mtu asiyetaka kujisumbua kutoa shukrani hapa duniani?

JUMATATU: Mashahidi wa Yafa

Soma Matendo 9:36–42. Petro alipofika, alionyeshwa nini, na nani waliomwonyesha?

Luka hakuhifadhi hata neno moja lililotoka kinywani mwa Dorkasi. Hatujui alisema nini kuhusu kazi yake. Tunachojua kinatoka kwa wajane waliosimama wakilia, wakimwonyesha Petro kanzu na mavazi aliyoshona alipokuwa pamoja nao. Heshima hii haikuandaliwa na kamati. Waliompokea Petro katika chumba kile cha juu walikuwa wale waliovikwa, na ushahidi wao ulikuwa mikononi mwao.

Fungu hili linatoa kipimo cha kwanza cha heshima ya kweli: isemwe na waliopokea, au angalau isemwe kwa ajili ya kile walichopokea. Sifa nyingi za hadharani hushindwa hapa. Huzungumza juu ya wema kwa ujumla, juu ya moyo wa kujitolea, juu ya mfano wa kuigwa, bila kutaja kanzu hata moja. Kama kanisa la Ng'ambo lingetaka kumheshimu mama yule kwa njia ya Yafa, lingefungua daftari lake. Lingeuliza ni wagonjwa wangapi walirudishwa kwao Pemba, ni mabakuli mangapi ya uji yalipelekwa wodini, ni nani aliyelala bila shuka akaletewa. Mtu aliyetumika namna hiyo hajengewi heshima kwa maneno makubwa. Anajengewa kwa kueleza kazi yake jinsi ilivyo.

Kuna jambo la pili. Petro alipomfufua Dorkasi, aliwaita watakatifu na wajane, akamweka mbele yao akiwa hai. Alirudishwa kwa wale waliomhitaji. Wengi huheshimiwa siku ya mazishi, jina lao linaposomwa katika wasifu wa marehemu na watu wakashangaa kusikia mambo ambayo hawakuwahi kuyauliza. Wajane wa Yafa walipata nafasi ambayo wengi hawaipati: kumshukuru mfadhili wao akiwa anasikia.

Waadventista wameibeba kumbukumbu hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1874, wanawake wa Battle Creek, Michigan, nchini Marekani, walianzisha chama cha kushona nguo na kuwasaidia maskini, nacho kikachukua jina la Dorkasi. Jina hilo limefika Tanzania na linajulikana katika makanisa mengi, ambako akina mama wa Dorkasi huonekana hospitalini na kwenye misiba wakiwa na ndoo, sufuria na magunia ya nguo. Jina la mwanamke wa Yafa limedumu kwa sababu kazi yake ilipata watu wa kuiendeleza.

*Fikiri:* Ni mtu gani mzee katika kanisa lako ambaye kazi yake ingejulikana vizuri siku ya mazishi yake tu? Unazuiwa na nini kuieleza leo?

JUMANNE: Majina Ukutani

Soma 2 Wakorintho 8:18–19 na Marko 14:3–9. Watu hawa wawili wanasifiwa sana. Majina yao ni nani?

Anayepita barabara ya Mizingani, mbele ya bandari ya Zanzibar, huliona jengo refu lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Watu huliita Dispensari ya Zamani. Historia yake inafundisha jambo kuhusu heshima. Tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, likusudiwe kuwa hospitali ya maskini na ukumbusho wa miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza. Topan alifariki mwaka 1891 kabla ya kuliona likikamilika. Mjane wake ndiye aliyeimalizia kazi hiyo, na jengo likakamilika mwaka 1894. Miaka michache baadaye liliuzwa kwa wasimamizi wa mali ya tajiri mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, nao wakalifanya zahanati ya hisani. Ikawa jengo lililokusudiwa kumheshimu malkia, likaanzishwa na mtu mmoja, likakamilishwa na mjane wake, likahudumia wagonjwa kwa jina la mwingine.

Hospitali kuu ya mji nayo imebadilishwa majina. Wakati mmoja iliitwa Karimjee Jivanjee, kwa heshima ya ukoo wa wafanyabiashara waliotoa fedha zao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa V. I. Lenin. Leo inaitwa Mnazi Mmoja, kwa jina la mahali ilipo, karibu na viwanja vinavyotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Katika vipindi vyote hivyo mama wa Ng'ambo mwenye uchungu wa uzazi alipelekwa huko huko.

Si vibaya kuandika jina la mfadhili ukutani. Lakini historia ya majengo hayo inaonyesha kwamba ukuta hautunzi heshima kwa muda mrefu. Mwenye mamlaka mpya hupaka rangi mpya. Tena ukuta humkumbuka aliyetoa kiasi kikubwa kwa mara moja, na kumsahau aliyekusanya kidogo kidogo kwa miaka 20. Hakuna jengo lenye nafasi ya kuandika majina ya watu 3,000 waliotoa shilingi 500 kila mmoja, wala la mwanamke aliyepanda ngazi kuwafuata.

Biblia ina njia nyingine ya kukumbuka. Paulo alipokuwa akikusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alimtuma pamoja na Tito ndugu mmoja ambaye sifa zake zilienea katika makanisa yote. Ndugu huyo alichaguliwa na makanisa yenyewe kuusindikiza mchango. Paulo anamsifu, lakini hamtaji jina. Katika Marko 14, vivyo hivyo, Yesu anaahidi kwamba tendo la mwanamke aliyevunja kibweta cha marhamu litatajwa popote Injili itakapohubiriwa, na Marko hakuliandika jina lake. Tendo likahifadhiwa, na jina likaachwa mikononi mwa Mungu.

Hii inaondoa hofu mojawapo ya mzee wa kanisa. Alihofu kwamba heshima itamgeuza mama yule kuwa sanamu. Heshima ya namna ya Paulo haifanyi hivyo, maana haimwinui mtu juu ya wenzake. Inaitaja kazi, inawaeleza watu kwa nini kazi hiyo iliaminiwa mikononi mwake, na inawaalika waendelee kuiamini.

*Fikiri:* Je, mtu anaweza kusifiwa sana bila kuwa maarufu? Kuna tofauti gani kati ya mambo hayo mawili?

JUMATANO: Heshima na Mkate

Soma 1 Timotheo 5:3–10, 16–18 na Matendo 28:8–10. Paulo alimaanisha nini alipoagiza wajane waheshimiwe?

Hapa ndipo swali la juma hili linapouma. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "heshima" katika mafungu haya hutumika pia kwa maana ya thamani, bei au malipo. Katika Mathayo 27:6 neno hilo hilo ndilo linalotaja thamani ya damu, yaani vile vipande vya fedha alivyorudisha Yuda. Katika 1 Timotheo 5 mantiki ya sura nzima inahusu chakula na matunzo. Mjane aliye peke yake atunzwe na kanisa. Mwenye watoto au wajukuu atunzwe na wao kwanza. Na sifa za mjane wa kuandikwa katika orodha ni za mtumishi mzee: amekaribisha wageni, ameosha miguu ya watakatifu, amewasaidia walioteseka. Paulo anaeleza namna ya kumheshimu mwanamke wa aina ile ile ya mama mwenye daftari, na heshima yenyewe ni mkate.

Watu wa Malta walilielewa hilo bila kufundishwa. Baada ya baba yake Publio na wagonjwa wengine wa kisiwa kuponywa, waliwaheshimu Paulo na wenzake kwa heshima nyingi. Na walipokuwa wakiondoka, wakawapakilia melini vitu walivyohitaji. Kisiwa kilichopokea uponyaji kililipa heshima kwa shehena ya safari.

Zanzibar yenyewe ina mifano ya heshima ya namna hii. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zimewapa makazi wazee wasio na wa kuwatunza, na mtaa mmoja wa Ng'ambo mpaka leo huitwa Sebleni kwa Wazee. Mwaka 2016 serikali ya Zanzibar ilianza kulipa pencheni jamii: kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa, mkulima, mvuvi au mama wa nyumbani, akapata shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa alichangia nini. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini wazo lake lilikuwa kubwa. Uzee wenyewe ulitambuliwa kuwa deni la jamii. Ingekuwa aibu kwa kanisa lenye 1 Timotheo 5 kubaki nyuma ya daftari la malipo ya serikali.

Sasa turudi kwa mama yule wa miaka 76. Baraza linalofikiria cheti linapaswa kwanza kuuliza maswali mengine. Je, dawa zake za shinikizo la damu anazipata? Magoti yake yanamudu ngazi za Michenzani? Paa la nyumba yake linavuja? Amekula nini jana? Inawezekana kabisa kwamba mtu aliyewaombea wagonjwa wengine nauli hajawahi kujiombea yake. Watu waliozoea kutoa huwa wagumu kupokea, na jamii iliyozoea kupokea kutoka kwao hujifunza kutouliza.

Soma Marko 12:38–44 kwa mfululizo. Kisa cha mjane na senti zake mbili husomwa mara nyingi kama fundisho la utoaji, na ni fundisho la utoaji. Lakini mistari inayotangulia inawahukumu waandishi wapendao kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, huku wakila nyumba za wajane. Marko ameviweka visa hivi viwili bega kwa bega. Msomaji anamsikia Yesu akimsifu mjane kwa kutoa vyote, na papo hapo anajiuliza: ni dini gani iliyomwacha mjane akibaki na senti mbili, na hakuna aliyemwuliza atakula nini jioni? Kumsifu mtoaji kunaweza kuwa njia ya kumla. Kanisa linaweza kumpigia makofi mwanamke mzee kila mwaka, likampa doti ya kanga, kisha likamwacha apande ngazi zile zile Jumapili inayofuata kwa magoti yale yale.

*Fikiri:* Je, kuna mtu ambaye kanisa lako limemsifu kwa maneno, huku mahitaji yake yakiwa hayajulikani kwa yeyote?

ALHAMISI: Nani Atalishika Daftari?

Soma Hesabu 8:24–26 na Kutoka 17:10–13. Mungu aliweka utaratibu gani kwa watumishi waliozeeka?

Mlawi alipofikisha miaka 50 aliacha kazi nzito ya hema. Hakufukuzwa. Aliendelea kuwa pamoja na ndugu zake, akisaidia kulinda ulinzi, lakini mzigo ulihamia mabega mengine. Sheria hiyo ilimlinda mzee asichoke hadi kuanguka, na ilimlinda kijana asiachwe mtazamaji. Katika vita na Amaleki, mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumwimbia wimbo wa sifa. Walimwekea jiwe akae, wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande huu, hata jua likachwa. Ushindi uliandikwa kwa sababu mzee alishikwa mikono.

Ulimwengu uliona heshima kubwa ya mzee mchangishaji mwezi Aprili 2020. Huko Uingereza, Tom Moore, askari mstaafu wa miaka 99, aliamua kuzunguka bustani yake mara 100 kwa msaada wa kigari cha kutembelea kabla ya kutimiza miaka 100, ili achangishe pauni 1,000 kwa ajili ya mashirika ya hisani ya hospitali za umma. Hospitali hizo zilikuwa zimemtibu yeye mwenyewe alipovunjika nyonga. Michango ilipita pauni milioni 32, kutoka kwa watu wapatao milioni moja na nusu. Malkia alimpa cheo cha heshima mwezi Julai mwaka ule, naye akafariki Februari 2021. Mzee mmoja hakuweza kutoa fedha hizo. Alichoweza ni kutembea, na waliomheshimu vizuri zaidi walikuwa wale walioongeza mchango wao juu ya hatua zake.

Lakini habari hiyo ina sehemu ya pili. Taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake ilichunguzwa na mamlaka ya mashirika ya hisani ya nchi hiyo, na ripoti iliyotolewa mwaka 2024 ikaeleza dosari nzito katika uendeshaji wake. Fedha alizochangisha kwa ajili ya hospitali hazikuhusika. Hata hivyo jambo hilo linaonya. Jina linaloheshimiwa ni mali, na mali isiyosimamiwa huleta majaribu kwa wanaoirithi. Ndiyo maana Paulo, katika 2 Wakorintho 8:20–21, hakutegemea sifa yake njema. Alitaka mchango usimamiwe na zaidi ya mtu mmoja, mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia.

Basi kanisa la Ng'ambo lina njia ya wazi. Vijana wawili wateuliwe waende pamoja na mama yule, wapande ngazi wao, yeye akae barazani na kuwajulisha kwa watu, maana milango hufunguka kwa ajili ya uso wake. Sheha wa shehia ajulishwe. Uongozi wa hospitali uridhie. Daftari likaguliwe na mhazini, isiwe kwa kumshuku mama yule bali ili siku atakapoliachia liwe na heshima ile ile mikononi mwa mwingine. Jirani Mwislamu aliyekuwa akimpa mchango kwa miaka mingi, ambaye naye amefundishwa thamani ya sadaka ya siri, aone kwamba kazi haikuwa ya mtu mmoja mwenye huruma, na kwamba watu wa kanisa lile wanaijali.

Je, cheti kimekatazwa? Hapana. Kanga nayo ni njema, na mtu akipewa mbele ya wenzake hufurahi. Lakini cheti kisicho na kijana wa kushika daftari ni njia ya heshima ya kumwambia mzee aendelee peke yake. Cheti kikitolewa siku ile ile vijana wawili wanapoandikwa majina, na shemasi anapopewa jukumu la dawa zake, basi deni limeanza kulipwa.

*Fikiri:* Kama mtumishi mzee unayemheshimu sana angeacha kazi yake leo, ni nani angeiendeleza kesho? Kama jibu ni "hakuna", heshima yenu kwake imekuwa ya namna gani?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Mathayo 25:31–40. Wenye haki wanashangaa. Hawakumbuki ni lini walimlisha Bwana, au kumtazama alipokuwa mgonjwa. Hii ndiyo hali ya moyo ambayo Mathayo 6 inailinda: mtu aliyetumika mpaka akasahau kuhesabu. Angalia pia kwamba Mfalme hasahau. Anayataja matendo moja moja: chakula, maji, nguo, kuwatazama wagonjwa. Ambaye hakujihesabia amehesabiwa na Mungu. Kanisa linapomheshimu mtumishi mzee kwa haki, linafanya kwa udogo kile ambacho Bwana atakifanya kwa ukamilifu siku ile.

Inabaki hoja moja ngumu. Katika kanisa lile lile wapo waliotumika kwa siri zaidi: aliyemwuguza mume aliyepooza kwa miaka 10 bila kutoka nje, aliyewaombea wagonjwa kitandani kwake kwa kuwa hawezi kutembea. Mwenye daftari anaonekana kwa sababu kazi yake inapita mitaani. Je, kumheshimu yeye ni kuwasahau hawa? Hoja hii haipaswi kutumiwa kumnyima yeye haki yake, kwa maana deni moja halifutwi kwa kuwapo deni jingine. Inapaswa kulisukuma kanisa kutafuta wengine, nyumba kwa nyumba, kama yeye mwenyewe alivyowatafuta wagonjwa kitanda kwa kitanda.

Maswali ya Kujadili:

1. Baadhi ya washiriki husema heshima ya hadharani huwaharibu watu. Wengine husema kukosa shukrani huwakatisha tamaa. Kwa kutumia Luka 7:1–10, darasa lako lingewajibuje wote wawili?

2. Mtumishi mzee akikataa kabisa kuheshimiwa, kanisa lifanye nini? Je, anaweza kukataa cheti na bado akatimiziwa 1 Timotheo 5:3?

3. Kwa wengine, kumsifu anayejitolea ni kuficha kwamba kazi hiyo ilikuwa wajibu wa hospitali, serikali au familia ya mgonjwa. Hoja hiyo ina ukweli kiasi gani? Mkristo afanye nini wakati wenye wajibu hawajautimiza na mgonjwa yuko wodini leo?

4. Darasa lako litaje mtu mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 70 anayetumika kwa kujitolea katika kanisa au mtaa wenu. Kabla ya Sabato ijayo, watu wawili wamtembelee, wasipeleke hotuba. Wamwulize mambo mawili: anahitaji nini yeye mwenyewe, na ni sehemu gani ya kazi yake angependa mtu mwingine aibebe. Mlete majibu yake darasani, na mwamue pamoja ni nani atakayefanya nini.